Kupima Chembe za Mlango wa Kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi haianzi kwa uvimbe wala kwa maumivu. Huanza ndani ya chembe chache zisizoonekana kwa macho, na kwa kawaida hupita miaka 15 hata 20 tangu chembe hizo zianze kugeuka mpaka ziwe saratani kamili. Katika muda huo mwanamke hulima, hupika na hulea watoto wake bila kuhisi lolote. Basi yafaa kujua jinsi wataalamu wanavyoitambua chembe iliyoanza kuharibika, hali mwenyewe hana dalili yoyote.

Kwanza, daktari au muuguzi hukwangua polepole mlango wa kizazi kwa kijiti bapa au kwa brashi ndogo. Chembe zinazopatikana hupakwa juu ya kipande cha kioo, hutiwa spiriti zisiharibike, kisha hutiwa rangi. Kila chembe ina kiini, na rangi hiyo hukifanya kiini kiwe cha buluu iliyokolea, na ute unaokizunguka huwa wa waridi au wa kijani. Ndipo kioo huwekwa chini ya hadubini.

Njia hii iliendelezwa na Daktari George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York. Alitangaza habari zake mwaka 1928, lakini madaktari wengi hawakuzijali. Mwaka 1941 alipochapisha ushahidi zaidi pamoja na Daktari Herbert Traut, ndipo walipoanza kumsikiliza.

Chembe hupimwa kwa mikroni. Milimita moja ikigawanywa katika sehemu 1,000 zilizo sawa, kila sehemu ni mikroni moja. Chembe nzima ya tabaka la kati huwa na upana wa mikroni 40 hivi, na kiini chake mikroni 7 hivi. Ni kama ndimu iliyowekwa katikati ya sahani.

Chembe inapoanza kubadilika kidogo, eneo la kiini huzidi mara 3 ya kawaida, ingawa chembe yenyewe bado ni pana. Hapo mtu angedhani kwamba kadiri kiini kinavyokua ndivyo hatari inavyozidi. Sivyo. Katika mabadiliko makubwa zaidi, kiini huweza kuwa kidogo kuliko kile cha mabadiliko madogo, lakini chembe nayo imenywea, hata kiini kinakaribia kuijaza, kama chungwa ndani ya kikombe. Kwa hiyo apimaye kiini peke yake hudanganyika. Sharti akilinganishe na chembe yake.

Hata hivyo, ulinganisho huo peke yake hautoshi. Mwanamke aliyekoma hedhi huweza kuwa na chembe ndogo zenye viini vinavyoonekana vikubwa, naye ni mzima. Maambukizo ya kawaida pia huweza kukuza viini. Kwa sababu hiyo mtaalamu hutazama mambo mengine mawili. La kwanza ni weusi wa kiini, maana kiini kilichoharibika mara nyingi hukolea rangi kupita kiasi. La pili ni ukingo wake: kiini kizima kina ukingo laini wa mviringo, bali kilichoharibika mara nyingi kina mikunjo na pembe.

Katika miaka ya 1950 Wamarekani walijaribu kuiachia mashine kazi hii. Mashine hiyo, iliyoitwa Cytoanalyzer, ilipima ukubwa na weusi wa viini. Haikufaulu, kwa kuwa mara nyingi ilizidhania chembe zilizolaliana, na hata chembe nyeupe za damu, kuwa ni saratani. Tangu miaka ya 1990 mashine za kompyuta zimefanya vizuri zaidi, lakini kwa kawaida huonyesha tu mahali pa kutazamwa, na uamuzi hubaki kwa mtaalamu.

Leo yajulikana kwamba karibu kila saratani ya namna hii husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwanza kipimo cha kuvitafuta virusi hivyo, kuanzia umri wa miaka 30, au miaka 25 kwa wanawake wenye virusi vya UKIMWI, ambao ugonjwa huu huweza kuwajia upesi zaidi. Kenya nayo ilianza mwaka 2019 kuwachanja wasichana wenye umri wa miaka 10.

Mabadiliko yakigunduliwa mapema, sehemu iliyoharibika huweza kuondolewa, au kuharibiwa kwa baridi kali au kwa joto, na mara nyingi mwanamke hurudi nyumbani siku ile ile. Wanawake, na waume zao pia, wakumbuke jambo hili: asiyesikia maumivu ndiye hasa apasaye kwenda kupimwa, kwa kuwa wakati huo ndipo tiba huwa nyepesi.