Fomu Ikae Mkobani Kwanza: Vidokezo 7 kwa Afisa Ustawi Mgeni

Umepangiwa kata, na leo unatembelea kaya yako ya kwanza. Mkobani mna fomu ndefu. Kumbuka tu kwamba wenyeji wako wameshahojiwa na wengi wenye mikoba, na wengi hao hawakurudi.

1. Piga hodi, usubiri karibu. Gari la halmashauri liache barabarani, vinginevyo mtaa mzima utajua nani ana shida. Mwenyekiti wa mtaa akishakutambulisha, mwombe kwa heshima awaache. Yapo ambayo mama hawezi kuyasema mbele yake.

2. Salamu ni kazi. Bibi mpe shikamoo yake, uulizie na mifugo. Ukitandikiwa mkeka, vua viatu ukae. Anayehoji akiwa amesimama huonekana mgambo.

3. Sema usichoweza. Usiahidi bati wala mtaji. Kwa mwenye njaa, “nitajitahidi” husikika kama “nitaleta kesho”.

4. Siri ina mipaka, iseme mapema. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Kwa hiyo usiape kwamba hutamwambia yeyote. Mwachie mtoto namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

5. Tafuta haja ya pili. Haja ya kwanza ni ile inayotamkika mbele ya mgeni. Tuseme bibi anaomba sare ya mjukuu aliyeacha shule. Ukiijaza hapo hapo, umemaliza fomu lakini hujamsaidia mtoto. Badala yake mwambie: “Bibi, nisimulie jana yenu tangu mlipoamka.” Hapo ndipo utasikia kwamba mjukuu ndiye anayeteka maji, anayepika uji, anayemshika bibi mkono kwenda chooni, kwa kuwa macho ya bibi yamefifia. Sare mpya itaning'inia msumarini. Kinachotakiwa kwanza ni bibi kupelekwa kliniki ya macho, na mtu wa kumsaidia asubuhi. Swali la “mnahitaji nini?” huzaa orodha, swali la “jana ilikuwaje?” huzaa ukweli.

6. Hesabu na vilivyopo. Mwaka 1975 Ann Hartman, mtaalamu wa ustawi wa jamii nchini Marekani, alibuni mchoro unaoiweka familia katikati na kuizungushia watu na taasisi zinazoigusa. Huhitaji karatasi: chukua kijiti, mchore pamoja mchangani. Mstari mnene ni uhusiano imara, wa vipande ni dhaifu, wenye vikwazo ni wa ugomvi. Kikoba, msikiti, kanisa, jirani mwenye bajaji: vyote vitajitokeza, na huenda mtu wa asubuhi akapatikana humo humo.

7. Sasa toa fomu. Andika, kisha uwasomee ulichoandika na kuuliza: “Nimekosea wapi?” Watakusahihisha, na kila sahihisho ni dalili kwamba wameanza kukuamini.

Kabla ya kuaga, taja siku ya kurudi. Siku hiyo ikifika, rudi, hata kama huna jipya mkononi.