SOMO LA KIKUNDI: Makofi Hayaandikwi

Mwezi huu tunaomba kikundi chenu kizungumze juu ya mkutano wa mwaka wa wazazi shuleni. Tunajua wengi hawaupendi. Mtu akisikia umeitwa, anajua ni kuitishwa pesa, basi anamtuma bibi au anakaa nyumbani.

Tulihudhuria mkutano wa namna hiyo katika shule moja ya msingi upande wa Igembe. Mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa alisimama akasema: "Mwalimu, kijana wangu akirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za madawati, harudi tena. Asubuhi anachuma miraa, jioni ana pesa mfukoni. Sasa mimi nitamwambia nini?" Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akajibu, "Tumesikia, mama," akaendelea na ajenda. Baadaye tulipata kusoma miniti. Maneno ya mama hayakuwemo. Palikuwa na mstari mmoja tu: "Wazazi walihimizwa kulipa madeni yao."

Yaani ofisi ya elimu ikisoma karatasi ile itadhani wazazi wale hawana neno. Makofi hayaandikwi. Kinachotoka nje ya ua la shule ni azimio: jambo lililotolewa na mtu mwenye jina, likaungwa mkono na mwingine, wanachama wakalikubali, na katibu akaliandika.

Je, mzazi ana haki hiyo? Ndiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wa Chama cha Wazazi. Katika Bodi ya Usimamizi, viti sita ni vya waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Viti vitatu ni vya mfadhili wa shule, kwa hivyo kama shule yenu ni ya parokia, waulizeni wale watatu katika jumuiya ndogo ndogo wanasema nini kule ndani. Juu ya malipo, Chama cha Wazazi hujadili na kupendekeza tu. Kibali hutoka kwa Waziri, akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na hata malipo yakipata kibali, mtoto hawezi kunyimwa masomo kwa sababu hajalipa. Tena pesa hazipokelewi bila risiti. Wengi hatukuwa tumeambiwa haya, na wengine walioambiwa walinyamaza!

Tukarudi kwa kikundi cha akina mama wa pale, na hapo tulifanya kosa letu sisi wenyewe. Tuliwaandikia azimio kwa Kiswahili cha ofisini, refu, zuri sana. Mkutano wa kundi ulipojaribu kulijadili, hakuna aliyeweza kulitetea, kwa maana halikuwa lao. Tukalitupa. Wakakaa jioni mbili, wakatunga lao:

"Sisi wazazi tunakataa mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za madawati. Mzazi mwenye deni aitwe yeye, na akubaliwe kulipa kidogo kidogo au kwa kazi. Tunaomba Bodi ipeleke azimio hili kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo kabla ya mwisho wa muhula, na ituletee jibu."

Tazameni: linasema nini kikome, nini kifanyike badala yake, nani apeleke, na lini. Azimio linalosema "elimu iboreshwe" litakubaliwa na kila mtu na halitafanywa na mtu yeyote.

Kabla ya mkutano walimwandikia katibu ili jambo lao liwe kwenye ajenda, lisiachwe hadi "mengineyo" wakati watu wameanza kusimama kwenda kukamua ng'ombe. Mmoja akatoa hoja, mwingine akaunga mkono. Mwalimu mkuu alisema hilo ni jambo la Bodi. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Na Bodi ni ya nani, mwalimu?" Likapita. Wakangoja hapo hapo mpaka katibu alisome jinsi alivyoliandika. Nakala moja ilienda ofisini, nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi kikundini. Muhuri huo ndio ushahidi wenu siku mtu akisema hakuona barua.

Jibu lilichukua miezi. Madawati bado hayatoshi. Lakini muhula uliofuata hakuna mtoto aliyerudishwa, na wale vijana wawili waliokuwa kwenye miraa mmoja amerudi darasani. Wa pili hajarudi.

Neno moja la tahadhari. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke hapa Meru walipiga marufuku tohara ya wasichana. Nia tunaikubali, lakini wasichana na mama zao hawakushirikishwa. Wasichana wengi wakajitahiri wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana. Basi mkitaka azimio juu ya vyoo vya wasichana, au juu ya vijana wanaotoroka kwenda miraa, waiteni wao kwanza. Watawaambia mambo ambayo hamkuyajua.

Maswali ya kujadili kikundini: Katika mkutano wa mwisho wa wazazi, ni jambo gani lilipigiwa makofi? Je, limo kwenye miniti? Nani kati yetu ataenda kuomba kuzisoma, na ataenda siku gani?