Shilingi ya Kidijitali: Mama wa Nyanya Atauliza Nini?

Mwambie mama anayeuza nyanya Nduruma kwamba siku moja Benki Kuu itatoa shilingi ya kidijitali. Atakujibu kwa swali: "Mwanangu, si ninayo tayari kwenye simu?" Swali zuri, tuanze nalo.

Salio lako la M-Pesa si hela ya Benki Kuu. Ni ahadi ya kampuni kwamba ukienda kwa wakala utapewa chako. Hela yenyewe imewekwa kwenye akaunti za dhamana katika benki za biashara. Noti ya elfu kumi ni tofauti, hiyo ni ahadi ya Benki Kuu yenyewe. Shilingi ya kidijitali ni sawa na noti hiyo, ila haina karatasi. Kampuni ya simu ikifilisika, yenyewe inabaki.

Benki Kuu ya Tanzania ililitangaza wazo hili mwaka 2021, na Januari 2023 ikasema itakwenda hatua kwa hatua, kwa tahadhari. Kenya ilikusanya maoni mwaka 2022, kisha mwaka 2023 ikasema si kipaumbele kwa sasa. Nigeria haikusubiri, ikazindua eNaira Oktoba 2021. Mwaka mmoja baadaye, akaunti nyingi mno zilikuwa zimelala. Teknolojia ilikuwepo, sababu ya kuitumia ndiyo haikuonekana.

Sisi tunalo somo la karibu zaidi. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Watu walilalamika, wengine wakarudi kwenye noti, na Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30. Kumbe mwananchi haipimi hela kwa teknolojia, anaipima kwa makato.

Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, tukiulizwa "mnaikubali?" tusikimbilie ndiyo au hapana. Tuulize matatu. Kuituma kutagharimu kiasi gani? Nani ataona nimenunua nini? Na mtandao ukikatika, mama wa nyanya atalipwaje?

Noti inayajibu yote: haina makato, haimwambii mtu umenunua nini, haihitaji mtandao. Shilingi mpya isipoyakaribia majibu hayo, mama ataendelea kufunga hela zake kwenye pindo la khanga. Wala tusiseme hajaelimishwa. Atakuwa amepiga hesabu yake vizuri tu.