SOMO LA UFUGAJI: JOGOO MGENI ALIYE MGONJWA

Katika vyama vingi vya msingi jogoo hununuliwa kwa nia njema. Mwanachama huona kuku wake wa kienyeji wamepungua umbo na utagaji, kwa kuwa jogoo mmoja amekuwa akipanda binti na wajukuu zake kwa miaka kadhaa, naye huamua kutafuta damu mpya: kuchi mrefu kutoka mnadani, au chotara kutoka kwa mfugaji wa mbali. Nia hiyo ni sahihi, wala si ngeni. Nchini Kenya, mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku ulioanza mwaka 1976 ulikuwa na sehemu ya kuwabadilishia wanavijiji majogoo yao ili kuku wa vijijini waboreke. Lakini jogoo aletwaye huja na kila alichokutana nacho njiani na sokoni. Somo hili lahusu siku ambapo amekwisha lipiwa, amefika nyumbani, naye haonekani mzima: amejikunyata, manyoya yamesimama, hawiki.

Yafaa kuanza na mfano. Mwanachama auza gunia la mahindi, aenda mnadani, arudi jioni na jogoo wa kuchi amening'inia kwenye usukani wa baiskeli. Nyumbani kuna kuku 12 wa kutaga, ambao kwa kweli ni wa mkewe. Mayai yao ndiyo yanunuayo chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

"Baba Asha, mbona huyu jogoo amesinzia hivi?"

"Safari, mama. Mwache na wenzake, apate kula na kuzoea."

Baada ya juma moja kuku wawili wanahara kijani. Baada ya majuma mawili banda ni tupu, na kuku wa majirani wameanza kupinda shingo. Fedha za jogoo zilitoka kwa mume. Hasara iliangukia mali ya mke, kisha mali ya kitongoji kizima. Aliyesema "mwache na wenzake" hakuwa mzembe, maana jogoo aliyechoka na jogoo mwenye mdondo hufanana sana jioni ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo hapana budi kuwatendea wote wawili namna moja: kutengwa kwanza, kuchunguzwa baadaye.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza. Husababishwa na virusi. Virusi hivyo hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana, mara nyingi kama siku 5 au 6. Maana yake ni kwamba hata jogoo aliyewika kwa nguvu mnadani aweza kuwa amekwisha uchukua. Kwa hiyo kipimo cha utengo kiwe siku 21, na zihesabiwe upya iwapo dalili zitatokea katikati.

Mahali pa kumtenga si lazima pagharimu kitu. Tenga kubwa lenye kufunikwa gunia, au kibanda cha zamani kilichosafishwa, vyatosha, mradi pawe upande mwingine wa ua, ambako upepo hautoki kwake kwenda kwa kuku wengine, na ambako kuku wengine hawawezi kufika kuparua kinyesi chake. Chini patandazwe maranda au nyasi kavu. Chombo chake cha maji kiwe chake peke yake. Amhudumiaye awalishe kwanza kuku wazima, ndipo aende kwa mgonjwa. Atokapo huko anawe mikono kwa sabuni na kusugua viatu au nyayo zake. Jambo hili la mwisho hudharauliwa, nalo ndilo livushalo ugonjwa kutoka kibanda hadi kibanda, kwa kuwa tone la kinyesi kwenye kandambili latosha. Watoto waelezwe vizuri sababu yake, maana mara nyingi wao ndio wapelekao maji.

Usiku wa kwanza jogoo ahitaji vitu vitatu tu: joto, maji na utulivu. Mwili wa kuku mzima una joto la karibu digrii 41, na kuku asiyekula hushindwa kulihifadhi. Ndiyo maana husimamisha manyoya. Akingwe na upepo na umande. Maji yawe safi, na kijiko kimoja cha chai cha sukari katika lita moja chaweza kumsaidia kwa siku moja au mbili, kisha apewe maji matupu. Asimiminiwe maji kooni kwa nguvu. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, na majogoo wengi dhaifu wameuawa na maji yaliyoingia mapafuni, si na ugonjwa. Achovywe ncha ya mdomo, au adondoshewe tone moja moja pembeni mwa mdomo huku akimeza mwenyewe. Chakula kiwe laini: pumba iliyoloweshwa, uji mzito uliopoa, mchicha uliokatwa. Kilichobaki jioni kiondolewe kisichache.

Jogoo aliyefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini saa nyingi huwa na miguu iliyovimba pale kamba ilipokaza, na huenda akakaa kitako siku nzima. Akipata kivuli na maji, aghalabu husimama na kudonoa kesho yake au kesho kutwa. Asipofanya hivyo, uchovu si maelezo tena, na uchunguzi uanze.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji vyombo. Jogoo ashikwe kwa upole, mabawa yakiwa yamebanwa, mahali penye mwanga. Kidari kipapaswe kwanza. Mfupa wa kidari ukiwa mkali kama ukingo wa panga, nyama imekwisha pande zote mbili, huo si ugonjwa wa njiani. Ukonde wa namna hiyo hauji kwa siku mbili. Jogoo huyo alikuwa mgonjwa kwa muuzaji, na sababu yaweza kuwa minyoo, njaa au ugonjwa wa muda mrefu. Gole lipapaswe jioni na tena alfajiri kabla ya kula. Jioni hutakiwa kuwa limejaa, alfajiri liwe tupu. Likiwa gumu alfajiri, limeziba; likiwa laini kama mfuko wa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani. Katika hali hiyo anyimwe chakula kwa siku moja, maji yaendelee, wala asipinduliwe kichwa chini kutapishwa, kama wafanyavyo wengine, kwani aweza kupaliwa na kufa.

Undu na ndevu zake hueleza mengi. Weupe huonyesha upungufu wa damu, na hapo mabawa yafunuliwe kutafuta kupe, utitiri na chawa, na kope zitazamwe kama zina viroboto waliogandama. Rangi ya zambarau iliyokolea huonyesha pumzi au damu haiendi vizuri. Magamba na vipele vyeusi kwenye undu ni ndui, ambayo huenezwa na mbu. Haina dawa ya kuiua, lakini jogoo mwenye nguvu hupona kwa majuma 3 au 4 ikiwa macho yake yanasafishwa na chakula anakiona. Ndui ikiingia mdomoni na kooni ni hatari zaidi. Kuhusu kinyesi, tahadhari yahitajika: rangi ya kijani humtisha kila mtu, lakini kuku yeyote asiyekula siku mbili hunya kijani. Kijani pekee si ushahidi wa mdondo. Kijani pamoja na kuhema mdomo wazi, kutetemeka, shingo kupinda au mguu kupooza ni jambo jingine.

Wadudu wa ngozi wasichukue nafasi kubwa. Viroboto wa kopeni hupakwa mafuta mazito ya kujipaka, wakang'oka. Miguu yenye magamba yaliyonyanyuka husuguliwa kwa maji ya sabuni na kupakwa mafuta ya nazi mara kwa mara hadi magamba yaanguke. Minyoo hupewa dawa kwa kipimo cha uzito kama mtaalamu aelekezavyo. Piperazini, iliyo rahisi kupatikana, hutoa minyoo mikubwa ya duara tu, si tegu.

Ugonjwa unaohitaji kuelezwa kwa kirefu ni mafua makali ya kuku, kwa sababu huwadanganya hata wafugaji wazoefu. Uso huvimba upande mmoja au pande zote, jicho hufungika, na puani hutoka makamasi yenye harufu mbaya inayotambulika toka mbali. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, kwa hiyo dawa za viuavijasumu kama oksitetrasaiklini humpa nafuu. Baada ya siku chache uvimbe umeshuka, jogoo anawika, mwenye nyumba anafurahi na kumfungulia. Hapo ndipo hasara inapoanza. Jogoo aliyepona mafua hayo huweza kubaki mchukuzi wa vijidudu kwa muda mrefu, akiwaambukiza wengine huku mwenyewe hana dalili. Homa ya matumbo ya kuku, yenye kuhara njano na udhaifu mwingi, ina tabia hiyo hiyo ya kuacha wachukuzi. Basi kupona kwa jogoo si sawa na kustahili kwake kuwa mbegu. Mwenye jogoo wa namna hii na asiye na kuku wengine aweza kumfuga; mwenye banda la kuku wa kutaga afadhali amnenepeshe kando, asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite, kisha amle. Ni maneno mazito kwa mtu aliyeuza gunia la mahindi, lakini gunia hilo limekwisha ondoka, na kuku 12 bado wapo.

Kwa mdondo hakuna dawa ya kutibu. Shubiri, mwarobaini, pilipili na majivu hutumiwa vijijini kwa ugonjwa huu, na huenda kuku mmoja mmoja akapona baada ya kupewa. Hata hivyo kuku wachache hupona bila kupewa chochote, na aliyekuwa apone huipa sifa dawa iliyokuwapo. Viuavijasumu navyo haviui virusi. Jogoo mwenye shingo iliyopinda na kupooza achinjwe, azikwe au achomwe moto. Shimo liwe na kina cha walau nusu mita, linyunyiziwe chokaa au majivu, lifukiwe vizuri mbwa wasifukue. Manyoya na matumbo yakitupwa jalalani yatadonolewa na kuku wa jirani kabla ya jua kuchwa. Tenga lisuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani siku kadhaa, matandiko yachomwe. Amchinjaye asijipanguse macho kwa mikono hiyo, maana mdondo humpa binadamu wekundu wa macho. Vikifuatana vifo vya ghafla vya kuku wengi, asiguswe yeyote kwa mikono mitupu wala kuliwa, na afisa mifugo wa kata aitwe upesi: mwezi Januari mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria, katika ndege wa porini na wa kufugwa, na kwa macho mtu hawezi kuitofautisha na mdondo.

Lipo jambo moja ambalo wengi hulifanya na wachache hulizungumza katika mikutano, nalo ni kumrudisha jogoo mnadani. Mwenye jogoo mgonjwa hujiambia kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo. Katika miezi ya kiangazi, toka Julai hadi Novemba, mdondo unapozagaa, kuku hushuka bei ghafla kwa kuwa kila asikiaye kuku wamekufa kijiji cha pili huwakusanya wake na kuwauza kabla hawajafa. Bei ya kutupa katika miezi hiyo ni dalili ya ugonjwa kama ilivyo pua yenye makamasi. Kamati za vyama zinazowanunulia wanachama majogoo kwa pamoja zifanye manunuzi kabla ya miezi hiyo, kwa mfugaji ajulikanaye badala ya mnadani, na muuzaji aulizwe tarehe ya chanjo ya mwisho.

Chanjo yenyewe hapewi jogoo aliye mgonjwa; haimponyi. Akisha kuwa na afya akiwa bado kando, hupewa, na achanganywe na wengine baada ya majuma mawili, kinga ikiwa imekwisha jengeka. Chanjo ya I-2, iliyotayarishwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, nayo hutengenezwa pia nchini Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa isiachwe juani. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja ina matone ya kuku wengi kuliko walio katika kaya moja, na ikisha funguliwa haikai muda mrefu. Mwenye kuku 12 akiinunua peke yake humwaga sehemu kubwa. Kaya 20 zikichangia, kila moja hutoa fedha kidogo na hakuna tone linalopotea. Kwa hiyo chama kipange siku yake ya chanjo, ibandikwe ofisini, na jogoo mgeni yeyote aandikishwe kwa katibu siku anapofika, ili mchanjaji ajue ni kibanda gani atakifikia mwisho.