Feza ifuate kazi: namna ya kulipa garaji wakati kamiyo ya kooperative imeharibika sana

Somo la leo halihusu miche wala magonjwa ya kahawa. Linahusu kamiyo. Kwa kooperative nyingi, kamiyo ndiyo mali yenye bei kubwa kuliko zote, na motere inapokufa katikati ya msimu, komite inaingiwa na woga. Mtu mwenye woga analipa haraka. Tunataka tujifunze pamoja kulipa vizuri.

Kisa cha mfano

Tuseme kuna kooperative ya kakao kwenye barabara ya Kasindi–Beni. Ina wanachama 120 na Fuso moja ya zamani. Fuso inaanza kutoa moshi wa bluu na kula mafuta ya motere. Siku moja inagonga kwa ndani, inazimika mlimani, inavutwa mpaka garaji. Fundi anaisikiliza, anatikisa kichwa.

«Papa prezida, motere imekufa. Ni dola 2400, piesi na kazi. Mutupatie yote leo, kesho asubui natuma mutu Kampala. Juma moja tu, gari itatembea.»

Kule nyuma depo imejaa. Kakao iliyokwisha kukauka, ikikaa mahali penye unyevu, inarudia kunyonya maji. Unyevu ukipita asilimia 8, ukungu unaanza, na mnunuzi anakata bei. Prezida anafikiri juu ya magunia hayo. Anamwita Mama kesiye, wanafungua sanduku, wanalipa yote. Karatasi wanayopata ni kipande cha daftari: «Nimepokea 2400.»

Juma la kwanza fundi anasema: «Piesi ziko njiani.» Juma la pili: «Ziko ku duane.» Juma la tatu: «Kunakosekana kapiesi kamoja tu, muongeze 300.» Juma la sita motere bado iko wazi, imefunikwa na gunia. Kooperative inakodi magari ya watu. Katika mkutano mama mmoja anasimama na kuuliza: «Feza yetu iko wapi?» Hakuna anayeweza kumjibu. Baadaye wanachama wanaanza kuuza kakao yao pembeni, kwa wanunuzi wanaopita na pikipiki.

Hapo ndipo hasara ya kweli ilipo. Dola 2400 zinaweza kutafutwa tena. Imani ya wanachama ikiondoka, kurudi kwake ni kazi ya miaka.

Je, fundi ni mwizi?

Mara nyingine, ndiyo. Lakini mara nyingi si hivyo, na ni vizuri tuelewe namna garaji ndogo inavyoishi. Haina mtaji. Gari iliyokuja mbele ya yenu ilikuwa na deni, au mwenyewe alilipa nusu na feza ikaliwa. Sasa mwenye gari hiyo yuko mlangoni, anapiga kelele. Mkileta dola 2400 mkononi, zinakwenda kumaliza gari ya aliyewatangulia. Gari yenu itangojea feza ya atakayekuja nyuma yenu. Fundi hana nia ya kuwaibia, lakini feza yenu haipo tena.

Fundi naye ana woga wake. Akinunua piesi kwa feza yake, halafu mwenye gari asirudi, amekwisha. Kwa hiyo kumwambia «tutalipa yote mwishoni» si jibu. Kazi yetu ni kutafuta njia ambayo hakuna upande unaobeba hatari yote peke yake.

Hakuna anayejua bei mbele ya kufungua motere

Jambo hili ni muhimu kuliko yote katika somo letu. Fundi anayetaja bei ya mwisho ya motere iliyofungwa anakisia tu.

Mfano ni vilebreke, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Kama umechakaa, unapelekwa kwenye mashine, unasagwa kidogo ili uwe laini tena. Ukisagwa, unapungua unene, kwa kawaida milimita 0,25, au 0,50, na kuendelea. Vibati laini vinavyoukumbatia (kusine) vinapaswa kuwa vya kipimo hichohicho kipya. Mtu akinunua kusine mbele vilebreke haijapimwa, anaweza kurudi na piesi nzuri zisizoingia. Ni hivyo pia kwa pistoni na segma zake: zinafuata kipimo cha silinda. Na kifuniko cha juu cha motere (kulasi) kinaweza kuwa kimepinda au kupasuka kwa sababu ya joto. Jambo hilo linaonekana baada ya kukiondoa tu.

Basi mtu akisema «lipeni yote leo, tutafungua kesho», anawauzia kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiona.

Hatua tano

*1. Andikeni kila kitu mbele gari iingie garaji.* Namba ya shasi, namba ya motere, kilometa, mazuti iliyobaki, betri, matairi pamoja na la akiba, jeki na vyombo. Pigeni picha kwa simu. Pande zote mbili ziweke sahihi. Gari inayokaa miezi garaji inaweza kutoka na betri isiyo yake.

*2. Lipeni kwanza kazi ya kufungua na kupima tu.* Hii ni feza ndogo, na ihesabiwe ndani ya bei ya kazi. Mjumbe wa kooperative awepo siku ya kufungua, hata kama haelewi ufundi. Aone, aulize, apige picha. Mwishoni fundi aandike orodha: piesi gani, kipimo gani, ngapi, mpya au ya kutumika, na bei ya kazi yake peke yake. Pelekeni orodha hiyo kwa fundi mwingine aiangalie.

*3. Nunueni piesi ninyi wenyewe, pamoja na fundi.* Ombeni proforma kwa wauzaji wawili au watatu wa Butembo au Beni. Kama piesi inapatikana Kampala tu, kule soko la Kisekka, tumeni mjumbe pamoja na mtu wa fundi, au mlipeni muuzaji moja kwa moja. Ulizeni mapema nani atalipa duane hapa mpakani, ili neno hilo lisije baadaye kama mshangao. Fakitire iandikwe kwa jina la kooperative. Piesi zilale kwenye depo yenu, zitoke siku ya kufungwa. Hapo, hata mkikosana na garaji, piesi ni mali yenu, mnazibeba mnakwenda.

*4. Lipeni kazi kwa vipande, na kila kipande kifuate jambo linaloonekana kwa macho.* «Motere imefungwa na imewaka» linaonekana. «Kazi iko mwisho-mwisho» halionekani. Piesi za zamani zirudishwe zote kwenu ndani ya mfuko. Ndizo zinazoonyesha kwamba mpya ziliingia kweli.

*5. Bakizeni sehemu ya mwisho mpaka mafuta ya kwanza yabadilishwe.* Motere iliyotengenezwa upya haipewi mzigo mzito siku ya kwanza. Inatembezwa polepole kwa kilometa 500 hivi au zaidi, halafu mafuta na filtri vinabadilishwa. Kutoka Kasindi mpaka Beni ni kama kilometa 80. Safari tatu za kwenda na kurudi zinakaribia 480. Kama ndani ya safari hizo motere haikuvuja, haikupata joto kupita kiasi na haikula mafuta, fundi apewe feza yake yote siku hiyohiyo, na asante juu.

Hesabu yake

Turudie mfano wetu wa dola 2400. Tuseme piesi ni 1700 na kazi ni 700.

- Siku ya kufungua na kupima: dola 100 kwa fundi.
- Kununua piesi: dola 1700 kwa wauzaji, piesi zinaingia depo yenu.
- Kazi ya kufunga inapoanza: dola 200 kwa fundi.
- Motere imewaka, gari imejaribiwa barabarani: dola 250 kwa fundi.
- Baada ya mafuta ya kwanza kubadilishwa: dola 150 kwa fundi.

Jumla ni ileile, 2400. Fundi hakupunguziwa hata dola moja. Lakini angalieni: mpaka motere iwake, feza iliyo mikononi mwa fundi haijapita dola 300. Katika njia ya kwanza zilikuwa 2400 tangu siku ya kwanza. Bei ya kazi haikubadilika. Hatari ndiyo iliyopungua.

Mkilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, tumeni kwenye namba iliyoandikwa ndani ya mapatano, si ya mdogo wa fundi wala ya jirani. Ujumbe wa simu usifutwe. Mkilipa mkononi, wawepo watu wawili wa kooperative. Na kwa kuwa hapa mpakani tunashika dola, franka na shilingi za Uganda, andikeni wazi ni feza gani na kwa kiwango gani cha siku hiyo.

Sheria inasema nini

Kwa sheria ya Congo, mapatano yaliyofanywa kihalali yanawafunga waliyoyafanya. Karatasi moja yenye sahihi za pande mbili na mashahidi ina nguvu kuliko maneno mia. Iandikwe kwa Kiswahili kama ndiyo lugha mnayoielewa wote: kazi gani, bei gani, vipande gani vya malipo, tarehe ya kumaliza, na kazi ikiharibika tena ndani ya siku ngapi fundi atairudia bila malipo.

Jueni pia haki ya garaji. Sheria za OHADA, zinazotumika katika nchi yetu tangu 2012, zinampa mtu anayeshika kitu kihalali haki ya kukizuia mpaka alipwe deni linalohusu kitu hicho. Kwa hiyo mkikataa kulipa kazi iliyofanyika, garaji inaweza kuizuia kamiyo. Ndiyo sababu tunasema: hakuna kazi ya kuongeza bila sahihi ya kooperative. Dereva akiitikia kwa simu «fanyeni tu», kesho mtadaiwa.

Sheria ya OHADA ya kooperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inatenganisha wanaosimamia na wanaochunguza. Tumieni mpangilio huo. Komite inaamua na kuandika uamuzi katika prosesi-verbali. Kesiye analipa. Wachunguzi wanafungua mfuko wa fakitire na kuhesabu. Hapo mama yule akiuliza «feza yetu iko wapi?», prezida hana haja ya kukasirika. Anamwonyesha daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama mmekwisha kulipa yote

Msianze na matusi wala askari. Kwanza nendeni garaji watu watatu, muone kwa macho piesi zilizonunuliwa, na mziandike. Zinazoonekana, ombeni zihamie depo yenu. Kwa zile zisizoonekana, andikeni deni na tarehe mpya, fundi aweke sahihi mbele ya shahidi, kwa mfano mkubwa wa mtaa. Mtoeni njia ya kulipa: kazi fulani kila juma mpaka imalizike. Tarehe zikivunjwa tena, mtakuwa na karatasi ya kupeleka mbele ya mahakama ya amani. Na msiongeze hata dola moja juu ya ahadi. Ile «300 ya kapiesi kamoja» ndiyo inayogeuza hasara moja kuwa mbili.

Wakati gani kulipa mbele si vibaya?

Kazi ndogo ya siku moja, kama kubadilisha filtri au kuziba tairi, haihitaji mambo haya yote. Pia piesi inayoagizwa mbali inaweza kudai avansi. Lakini avansi hiyo iende kwa muuzaji wa piesi, kwa fakitire, na isipite bei ya piesi hiyo.

Fundi mzuri hataogopa hatua hizi. Wengi watazipenda, kwani wao pia wamechoka kufukuzana na wenye magari. Mkiambiwa «bila yote leo, hakuna kazi», shukuruni, muage kwa heshima, mtafute garaji nyingine. Siku mbili za kutafuta ni bei ndogo kuliko majuma sita ya kungojea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kamiyo yetu ikiharibika kesho, nani ana haki ya kuweka sahihi garaji? Je, dereva anajua kwamba si yeye?
2. Mara ya mwisho tulipolipa garaji, fakitire ziliandikwa kwa jina la nani? Ziko wapi leo?
3. Tunaweka kiasi gani kwa kila gunia linalosafirishwa, kwa ajili ya matengenezo? Kama ni sifuri, tuanze na kiasi gani msimu huu?
4. Ni mafundi gani wawili tunaoweza kuwaomba waangalie orodha ya fundi mwingine?

Kazi ya kufanya mbele ya mkutano ujao: Andikeni kwa mkono karatasi moja ya mapatano na garaji, mkiacha nafasi za bei na tarehe. Isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, pamoja na wale wasiojua kusoma, irekebishwe, kisha iwekwe ndani ya kabati la kesiye. Siku motere itakapokufa, hamtakuwa na wakati wa kuiandika.