Sauti ya Mwanao, Mdomo wa Tapeli

Mwanzoni mwa mwaka 2024, polisi wa Hong Kong walitangaza kisa cha mfanyakazi wa idara ya fedha aliyepata ujumbe wa kumtaka atume pesa kwa siri. Aliutilia shaka. Kisha akaitwa kwenye kikao cha video, akamwona mkuu wake wa fedha pamoja na wenzake wa kazini, sura zao na sauti zao, na shaka ikamtoka. Alituma takriban dola milioni 25 za Marekani kwa miamala 15. Wote aliowaona kikaoni walikuwa wa kughushi. Kampuni yenyewe ilikuwa Arup, wahandisi wanaojulikana dunia nzima.

Mfanyakazi huyo hakuwa mzembe. Aliamini macho na masikio yake, kama sisi sote tulivyozoea. Tatizo ni kwamba macho na masikio hayatoshi tena kuwa ushahidi. Swali la kujiuliza sasa si "Je, hii ni sauti yake?" bali "Je, nimehakikisha kwa njia nyingine?"

Inavyofanyika

Teknolojia hii ya kughushi sura na sauti, iitwayo dipufeki, hutumia akili unde. Programu hulishwa picha, video au sauti za mtu, ikajifunza mdomo wake unavyocheza na maneno yake yanavyopanda na kushuka, kisha ikamtamkisha jambo ambalo hakulisema kamwe. Januari 2023, watafiti wa Microsoft walionyesha programu iliyoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde 3 tu za maneno yake. Ujumbe mfupi wa sauti kwenye kundi la WhatsApp, au video ya harusi iliyowekwa mtandaoni, una sekunde nyingi zaidi ya hizo.

Anayelengwa si tajiri peke yake. Tapeli aliyezoea kuandika "ile hela tuma kwenye namba hii" anaweza sasa kumpigia mama kwa sauti ya mwanawe, akilia kwamba amepata ajali na hospitali inataka malipo.

Ukipigiwa simu ya kuombwa pesa

Kwanza, kata simu. Tapeli hutegemea haraka na hofu. Atakwambia usikate na usimwambie mtu. Mtu wako wa kweli hatakasirika ukimpigia tena.

Pili, piga wewe mwenyewe kwa namba uliyoihifadhi zamani, na upige kwa laini ya kawaida. Akaunti ya WhatsApp inaweza kuwa imetekwa, hivyo kujibu palepale ulipotumiwa ujumbe si uhakika. Kama ndugu yako yuko Muscat au Dubai na mnawasiliana kwa WhatsApp tu, chukua mapema namba ya mtu anayeishi naye au anayefanya naye kazi.

Tatu, uliza jambo ambalo haliko mtandaoni. Julai 2024, kiongozi mmoja wa kampuni ya Ferrari alipigiwa na mtu mwenye sauti ya bosi wake, Benedetto Vigna, hata lafudhi ya kusini mwa Italia ikiwemo. Akamwuliza ni kitabu gani alichompendekezea siku chache zilizopita. Simu ikakatika hapohapo.

Nne, wekeni neno la siri la familia. Lisiwe jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Liwe jambo la nyumbani, kama jina la utani la babu. Mwambiane ana kwa ana, na msiliandike kwenye kundi. Anayeomba pesa kwa dharura alitaje kwanza.

Katika simu ya video unaweza kumwomba mwenzako ageuze uso upande, au apitishe mkono mbele ya uso. Picha ya kughushi mara nyingine huvurugika. Lakini usitegemee ishara hizi pekee. Programu zinaboreshwa kila uchao, na tapeli anaweza kusingizia mtandao mbovu.

Ikiwa umeshatuma pesa, usipoteze muda kwa aibu. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, maana pesa ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Tanzania, ripoti namba ya tapeli kupitia 15040. Kenya, wateja wa Safaricom huripoti kwa 333, na idara ya upelelezi, DCI, hupokea taarifa bure kwa 0800 722 203. Kisha nenda polisi ukafungue jalada.

Picha chafu za kughushi

Hapa wanaoumizwa zaidi ni wasichana na wanawake. Uso hutolewa kwenye picha ya kawaida, ukabandikwa kwenye mwili wa uchi, kisha kinafuata kitisho: lipa, la sivyo tutaisambaza. Usilipe, ukilipa mara moja utadaiwa tena. Piga picha ya skrini ya ujumbe, namba na akaunti, ndipo umzuie mhusika na uripoti polisi.

Huduma ya StopNCII.org huitengenezea picha alama ya kidijitali ndani ya simu yako, bila picha yenyewe kutoka, ili mitandao inayoshirikiana nayo iitambue na kuizuia. Kwa picha za walio chini ya miaka 18 ipo huduma iitwayo Take It Down. Na mzazi, binti akikujia na habari hii, usianze kwa kumlaumu. Aibu ni ya aliyeghushi. Anayepokea picha hiyo na kuisambaza naye anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa.

Video za viongozi

Machi 2022 ilisambazwa video ya kughushi ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwataka askari wake waweke silaha chini. Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu zenye sauti iliyofanana na ya Rais Biden ikiwaambia wasijitokeze kupiga kura ya mchujo. Uchaguzi na machafuko ndiyo majira ya uongo wa namna hii.

Video ikikuchoma moyo, subiri. Tazama kama ukurasa rasmi wa mhusika na vyombo vya habari viwili vinavyoaminika vimeiripoti. Wahakiki kama JamiiCheck, PesaCheck na Africa Check huchunguza madai yanayoenea. Usipopata uthibitisho, usiisambaze, hata kwa maneno "nimeipokea kama ilivyo".

Pa kuanzia

Weka akaunti zako za mitandaoni kwenye faragha ili picha na sauti zako ziwafikie unaowajua tu, na usimpe mtu yeyote namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe. Lakini zaidi ya yote, ongea na wazee wa nyumbani, maana wao hupigiwa simu hizi wakiwa peke yao na huumia kwa upendo wao. Waelezeni, chagueni neno la siri pamoja, na muwaahidi kwamba hakuna mtoto atakayenuna kwa sababu mama alikata simu ili ahakikishe.