Mteja akiuliza: "Mbwa wangu anaweza kula nyanya?"

Unapika chakula cha mbwa nyumbani unauza mtandaoni. Umeposti picha safi, mara inaingia meseji: "Hiki kina nyanya? Mbwa wangu hatadhurika?" Wengi wetu tunajibu chapchap, "Hamna shida mpenzi," oda isije ikapotea. Usijibu hivyo kabla hujajua ulichoweka kwenye sufuria.

Nyanya iliyoiva, nyekundu, ikiwa kidogo, haimsumbui mbwa mwenye afya. Shida iko kwenye kijani: majani, shina, kikonyo na nyanya mbichi. Humo kuna sumu inaitwa tomatini, nayo hupungua sana nyanya inapoiva. Mbwa akila nyingi anaweza kutapika, kuharisha, kutoka udenda na kulegea. Kwa hiyo toa vikonyo, na zile zenye mabaka ya kijani weka pembeni. (Mafungu ya bei poa ya jioni huwa yamechanganywa, unajua mwenyewe.)

Ila mimi siogopi nyanya, naogopa kinachoitangulia. Nani kwetu anapika nyanya peke yake? Tunakaanga kitunguu kwanza, kitunguu saumu, ndiyo nyanya ifuate. Sasa kitunguu ni sumu kwa mbwa, kiwe kibichi, kimepikwa au cha unga, na kitunguu saumu ni ndugu yake. Huharibu chembe nyekundu za damu. Dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa: fizi zinapauka, mbwa anakosa nguvu, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Kufikia hapo mteja ameshasahau alimlisha nini, na wewe umeshasahau ulipika nini. Kuviokota vipande baada ya mchuzi kuiva hakusaidii, maji yake yamebaki. Sosi ya nyanya ya chupa nayo usiitumie, mara nyingi ina unga wa kitunguu na chumvi nyingi.

Andika viungo vyote kwenye lebo na kwenye posti, pamoja na tarehe uliyopika. Halafu mjibu hivi: "Kina nyanya iliyoiva kidogo, hakina kitunguu wala kitunguu saumu. Mbwa wako ana tatizo lolote la kiafya? Kama lipo, muulize daktari wa mifugo kwanza."

Na siku mteja akikuambia mbwa anaumwa, usibishane naye wala usimtajie dawa. Mwambie ampeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na umtumie orodha ya viungo ya siku hiyo akamwonyeshe.